Malalamiko Dhidi ya Bakuli la Mtama Lililotiwa Ndimu

Melkizedeki Nkuwi,
Mashine ya Alizeti,
Njia ya Mnadani, Mtinko,
Singida.

Mwenyekiti,
Baraza la Usuluhishi wa Ndoa la Kata.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KULISHWA CHAKULA CHA KUKU NA MKE WANGU WA NDOA

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Wewe na mimi ni wa rika moja, tuliingia jandoni msimu mmoja, na siku nyingine ningekuuliza habari za nyumbani yakaisha. Lakini leo nakiandikia kiti chako, na kiti hicho kilikuwapo kabla yetu sote wawili. Kwa hiyo wewe habari za siku, na kiti shikamoo.

Mimi ndiye mwenye mashine ya kukamua alizeti pale njia ya mnadani. Mke wangu ni Dorkas, mtu wa Kiomboi, niliyemwoa kwa ng'ombe na kwa pete, yaani kimila na kanisani, ili pasitokee upande wowote wa kulalamika. Leo nalalamika mimi. Simshtaki kwa uvivu. Simshtaki kwa uchoyo wala kwa ulimi. Namshtaki kwa bakuli.

Ili baraza lisitoe hukumu gizani, nianze na chanzo. Msimu huu wa alizeti, siku moja mchana nikiwa mashineni, nilijipumzisha chini bila kupanga. Wapo watu, akiwemo Damiani anayenisaidia kazi pale, wanaotumia neno "kuanguka". Siwezi kubishana nao, kwa sababu wakati wenyewe sikuwa na habari. Ninachojua ni kwamba nilizinduka nikiwa juu ya lundo la mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa, Dorkas amenipakata kichwa, ananiita kwa jina langu lote mpaka la ukoo, jambo ambalo halijafanyika tangu siku ya harusi. Kituo cha afya wakasema ni presha. Wakaniambia nipunguze chumvi, nipunguze mafuta, nipunguze na mlima. Mlima maana yake ni ugali wangu.

Jioni ile Dorkas akampigia simu binti yetu Lea, ambaye ni muuguzi kule Manyoni. Nilimsikia Lea akisema kwenye simu, "Usijali mama, nitakufundisha kutengeneza dresingi." Nikafurahi, maana nilikuwa na kidonda kwenye kiwiko nilichokipata wakati wa kujipumzisha, na kwa akili yangu dresingi ni pamba, dawa na bandeji. Kumbe siku hizi wanaimwaga kwenye chakula. Kiwiko kimepona chenyewe. Chakula hakijapona mpaka leo.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Mtama mzima. Dorkas anauloweka mtama, anauchemsha bila kuusaga, na punje zinabaki nzima zinakutazama. Anachanganya na choroko, karoti iliyokunwa, kabichi, nyanya, na mbegu za alizeti zilizokaangwa bila mafuta. Juu yake anamwaga hiyo dresingi: maji ya ndimu na ya machungwa, asali ya Rungwa, kitunguu saumu kilichopondwa, na mafuta ya alizeti kidogo mno, kiasi ambacho mtu mwenye mashine ya mafuta anaona haya kukitaja. Anaita mlo.

Ndugu Mwenyekiti, sina ugomvi na mtama. Nimeota meno nikiula. Lakini sisi watu wa Singida tuna utaratibu unaojulikana na kila abiria aliyewahi kupita stendi yetu: mtama mzima huenda kwa kuku, na kuku huja kwa mtu. Mke wangu amemtoa kuku katikati. Nilipomweleza hivyo alinijibu, "Basi shukuru, umefupishiwa safari." Kuku wenyewe wameanza kunichukia. Nikikaa uani na bakuli wananizunguka, na jogoo mmoja husimama mbele yangu bila kupepesa, kama mtu aliyedhulumiwa shamba la urithi.

2. Hakuna mvuke. Ugali ukiwekwa mbele yako unatoa moshi, na wewe unajua kwamba nyumba hii ina mke na ina moto. Bakuli linatoka kwenye friji. Friji hiyo niliinunua kwa ajili ya soda za wateja wa mashine. Soda zimehamishwa, sasa zinalala chini ya kitanda chetu, na mimi napewa chakula cha baridi kama upepo wa Julai. Tena linaliwa kwa kijiko, kila mtu na lake, hakuna sinia la kugombania. Ugali unaumega, unaufinyanga, unauchovya kwenye mlenda. Mkono unakuwa na kazi. Siku hizi mkono wangu wa kushoto unashika bakuli, wa kulia unashika kijiko, na hakuna hata mmoja unaofaidi.

3. Ndimu. Kwetu ndimu ni ya mtu mwenye mafua au ya nyama choma. Mara ya kwanza nilipoonja dresingi, nilikuwa nimekaa mlangoni mwa mashine, na jicho langu la kushoto lilifumba lenyewe. Bahati mbaya mbele yangu alikuwa amesimama Flora, yule mjane wa bondeni, na gunia lake la alizeti. Ilinibidi nimweleze mama wa watu mbele ya foleni nzima kwamba sijamkonyeza. Alisema hakuna neno. Lakini tangu siku ile anamtuma shemeji yake kuleta alizeti.

4. Chakula cha Alhamisi kupikwa Jumapili. Hapa naomba wajumbe wasome taratibu. Dorkas akitoka ibadani anavua nguo za kanisani, anafunga khanga, na kazi inaanza: kuchemsha, kukata, kukuna, kukamua. Jua likizama friji imejaa makopo yenye mifuniko, kila moja limebandikwa plasta ya hospitali, ameliandikia siku yake kwa kalamu. Jumatatu. Jumanne. Mpaka Ijumaa. Dresingi anaiweka peke yake kwenye chupa kubwa, eti isije ikailegeza kabichi kabla ya zamu yake.

Matokeo yake mimi nikiamka Jumatatu asubuhi tayari najua Alhamisi nitakula nini. Mtu akishajua hilo, anaamka kutafuta nini? Nilimkumbusha kwamba sala tuliyofundishwa inasema utupe leo riziki yetu, haisemi utupe Jumapili ya wiki nzima. Nikamkumbusha na ile mana ya jangwani, kwamba waliojiwekea akiba ya kesho yake waliikuta imeingia mabuu. Alifikiri kidogo huku anakuna karoti. Akasema, "Baba Lea, wana wa Israeli hawakuwa na friji."

Nikaenda kwa mwinjilisti wetu Philipo anipe msaada wa maandiko. Alifungua mbele, akafungua nyuma, akavua miwani. Akaniambia hajaona mahali popote palipoilaani friji.

5. Afya. Hili linaniuma hata kulitaja. Kitambi changu, Ndugu Mwenyekiti, hakikuja kwa siku moja. Kwenye vikao vya wakulima wa alizeti mimi nilikuwa sihitaji kujitambulisha. Kilitangulia chenyewe, watu wakanipisha kiti. Sasa hakipo. Majuzi nilikuwa nimeinama naokota funguo sokoni, mama mmoja anayeuza maandazi akaniita kwa nyuma, "Wewe kijana, ondoa baiskeli yako hapo!" Nilipogeuka akanitambua, akapiga goti na shikamoo tatu mfululizo. Goti lile nililipokea, lakini neno "kijana" lilikuwa limeshatoka, na soko zima limesikia.

Kisha kuna suala la usingizi. Baada ya ugali nilikuwa nalala kidogo mpaka jua linapopoa. Bakuli halilazi. Nimegundua kwamba mchana una urefu wa ajabu ambao nilikuwa sijaambiwa. Nimegundua pia kwamba na Damiani alikuwa analala wakati mimi nalala. Sasa sote tuko macho na hakuna mwenye raha. Wateja wanatukuta tumesimama, wanahudumiwa, wanarudi tena na jirani zao, kazi imezidi. Nimeweka mlango kwenye banda la kuku, mlango niliouahidi Lea akiwa bado anavaa sare za sekondari. Presha nayo imeshuka. Muuguzi wa kituo cha afya alinipima, akanipima tena, akanipongeza kwa sauti, watu wote kwenye benchi wakapiga makofi. Mwanaume wa umri wangu kupigiwa makofi kwa ajili ya kabichi, kama huo si udhalilishaji naomba baraza linipe tafsiri nyingine.

6. Kutuhumiwa limbwata mbele ya ukoo. Hili ni kubwa kuliko yote, nitalieleza lilivyotokea.

Kaka yangu mkubwa, Clement, alikuja kutoka Ikungi kunijulia hali. Mgeni wa hadhi ile huchinjiwa. Hata kuku walipomwona akishuka kwenye pikipiki walitawanyika wenyewe. Dorkas akamletea bakuli la Jumatano. Kaka akaligeuzageuza kwa kijiko, akachungulia chini ya karoti kama mtu aliyedondosha sindano, kisha akauliza kwa heshima zote, "Shemeji, hiki nikile au nikapande?"

Dorkas akajibu, "Kula tu, kaka. Mvua bado."

Kaka hakucheka. Alilisogeza bakuli pembeni, akawa ananitazama mimi nikimaliza la kwangu na kulikwangua pembeni kwa kijiko. Nilikwangua kwa adabu tu, chakula kisitupwe. Lakini yeye alirudi Ikungi na njaa, na pamoja na njaa alirudi na maoni.

Haukupita muda ukoo wote ukawa unajua kwamba Melkizedeki amelishwa limbwata. Ushahidi wao ulikuwa huu: amekonda, anarudi nyumbani mapema, anatengeneza milango bila kusukumwa, hashindi tena kilabuni, na kila siku mkewe anammwagia maji makali kwenye chakula, naye anakula bila kuuliza. Nilijaribu kuwaeleza kwa simu kwamba kilabuni siendi kwa sababu pombe ya mtama juu ya bakuli la mtama ni kusema jambo moja mara mbili. Nikamsikia shangazi Sara anamnong'oneza kaka, "Umesikia anavyoongea?"

Jumamosi moja wakaja, kaka Clement na shangazi Sara, wakakaa uani. Kaka akasafisha koo. Akasema, "Mdogo wangu, hatuna ugomvi na mkeo. Ila tumeona ingefaa arudi kwao Kiomboi apumzike kidogo. Wewe ubaki, ule ugali, mpaka akili ikurudie."

Dorkas alikuwa anapita na beseni la mtama aliotaka kuuloweka. Alilitua chini. Namjua mke wangu. Akikasirika hupandisha sauti, na mimi hujua namna ya kukaa. Siku ile hakupandisha. Alisema polepole, "Kaka, siku ile mashineni nilimwita hakuitika. Nikamwita tena. Nikaanza kumfuta mashudu mdomoni, na nilivyokuwa nafuta nikawaza kwamba hivi ndivyo anavyofutwa maiti. Nyinyi mlikuwa Ikungi, sikuwalaumu. Kama kutaka mume wangu aitike nikimwita ni limbwata, basi ndiyo, namlisha. Na hili hapa la wiki ijayo."

Akaonyesha beseni.

Mimi nilikuwa sijui habari ya kufutwa mdomo. Muda wote ule nilikuwa nikidhani mwanamke ananibania ugali. Sijui kilichonipata, Ndugu Mwenyekiti, naomba lisiandikwe kama ukorofi, lakini niliinuka, nikaingia ndani, nikaitoa chupa ya dresingi kwenye friji, nikarudi uani. Nikawaambia, "Kama hili ni limbwata, leo nakunywa la ukoo mzima. Nitazameni." Nikaipiga yote mpaka chini.

Walinitazama kama watu wanaosubiri maji yachemke. Shangazi Sara alisogeza kigoda apate kuniona machoni. Nataka baraza lijue kwamba asali ya kitu kile iko mwishoni kabisa. Njia yote ya kufika huko ni ndimu. Macho yalifumba yote mawili. Masikio yakashika moto. Machozi yakanishuka mpaka kwenye kola. Nilipoweza kufumbua tena, cha kwanza nilichokiona ni Dorkas, amekaa chini kando ya beseni, amejishika mbavu, anacheka. Hakuwa amecheka hivyo tangu siku ile ya mashudu. Wala sikuwa nimetambua kwamba ameacha. Basi nikabaki namtazama, nikasahau kwamba nina wageni.

Shangazi Sara akapiga makofi. "Mmeona wenyewe! Limeshika!"

Kaka akainuka, akavaa kofia yake. Nikamsindikiza mpaka kwenye pikipiki, nikiwa nimejiandaa kwa maneno. Alinishika bega, yeye ambaye hana desturi ya kushika watu. Akaniambia, "Bora ulogwe unaitika." Akaondoka.

7. Kwa hiyo na ukoo nao nimeupoteza. Binti ni wa kwake, kituo cha afya ni cha kwake, mwinjilisti hana andiko, na sasa kaka yangu wa tumbo moja anampigia simu Dorkas, si mimi, kuuliza kama nakula vizuri. Mwanaume aliyezungukwa namna hii na watu wanaomtakia mema anakimbilia wapi? Nilipomwambia Dorkas kwamba bado sijaridhika, alisema, "Basi kashtaki kwenye baraza." Nikamwambia nitashtaki. Akasema, "Nenda, ila kuna foleni kule, beba bakuli lako."

Baada ya kueleza hayo, naliomba baraza lako tukufu liamue kama ifuatavyo:

(a) Ugali wa uwele urejeshwe nyumbani kwangu hata kama ni mara moja kwa wiki, uje na mvuke wake.

(b) Ndimu iwekewe kipimo cha kisheria, kisichozidi jicho moja.

(c) Kuku arudishwe mahali pake kati ya mtama na mimi.

(d) Nipewe hati yenye mhuri inayosema kwamba sijalogwa. Au kama wajumbe wataona nimelogwa, basi iandikwe kwamba nimelogwa kwa hiari yangu na nikiwa na akili timamu.

(e) Soda zitolewe chini ya kitanda. Zinagongana tukigeuka.

Nisalimie sana mama watoto wako na wajukuu. Wasalimie wajumbe wote wa baraza, karani wenu mwenye mwandiko mzuri, na yule mzee anayelinda ofisi ya kata, mwambie dawa ya mgongo aliyonielekeza imefanya kazi. Nimesikia ng'ombe wako mweupe amezaa jike. Hongera, na Mungu alikuze zizi. Kwa waliobaki ambao sikuwataja, salamu zao wazichukue kwako, usiwanyime.

Ni mimi mume halali, mlalamikaji,

Melkizedeki Nkuwi

Tanbihi: Nilikuwa nimeshaikunja barua hii, natafuta bahasha, mjumbe wako Mzee Stefano akabisha hodi. Alisema wewe umemtuma kuchukua maelezo yangu ya awali, kwa kuwa habari zimeshafika ofisini kabla yangu. Nikamkaribisha. Akaomba aone kielelezo. Kwa nia njema nikampa bakuli la Ijumaa, ambalo lilikuwa limebaki peke yake, na dresingi yake, alikague wakati mimi naendelea kutafuta bahasha chumbani. Niliporudi alikuwa amelikagua lote na sasa analikagua kwa kidole. Akaniuliza kama kuna kielelezo cha pili. Nilipomwambia hakuna, akachukua kopo, mfuniko na hata plasta, akasema vinahitajika kwa ushahidi, akapanda baiskeli yake.

Dorkas amekwenda Manyoni kwa Lea, atarudi keshokutwa. Jirani yangu amenionea huruma akaniletea ugali wa moto na mchicha. Nimeutazama mpaka mvuke wake ukaisha, Ndugu Mwenyekiti, na moyo haukuuendea.

Kwa sababu hiyo naomba barua hii isomwe upya kama ifuatavyo: popote nilipoandika Dorkas pasomeke Stefano, na popote nilipolilalamikia bakuli pasomeke naomba lirudishwe, likiwa limejaa.